Mumbai kwa Miguu

Mji wa Mumbai, uliokuwa ukiitwa Bombay mpaka jina lilipobadilishwa mwaka 1995, uko ng'ambo ya bahari ile ile ipigayo kuta za Mombasa. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 12, nao wamesongamana katika ulimi mwembamba wa nchi uliochomoza baharini. Mgeni afikapo huambiwa na kila mtu apande teksi. Ushauri huo ni mwema kwa mtu mwenye mzigo, lakini akaaye ndani ya teksi huona mgongo wa teksi nyingine, na zaidi ya hapo haoni kitu. Upande wa kusini, ambao ndio mji wa zamani, si mkubwa. Mtu mwenye viatu vizuri aweza kuuzunguka kwa siku moja, hasa kati ya Novemba na Februari, kabla ya joto kali na mvua za Juni.

Safari huanzia vizuri kwenye lango kubwa la mawe lililosimama ukingoni mwa bandari, liitwalo Gateway of India. Lango hilo ni ukumbusho wa kuja kwa Mfalme George wa Tano mwaka 1911, nalo lilikwisha kujengwa mwaka 1924. Halikukaa sana na kazi yake, kwani mwezi wa Februari mwaka 1948 askari wa mwisho wa Kiingereza walipita chini yake wakaingia melini kurudi kwao. Siku hizi wenye lango ni wapiga picha, wauza karanga na njiwa.

Kutoka hapo jambo la kwanza la kujifunza ni kuvuka barabara. Mgeni husimama kando akingoja nafasi, na nafasi haiji. Honi zinalia pande zote, pikipiki zinapenya kati ya mabasi, na hakuna dalili ya mtu kumhurumia. Wenyeji hawafanyi hivyo. Hungoja mpaka wawe watano au sita, kisha huingia barabarani pamoja kwa mwendo mmoja, na magari huwapitia pembeni kama maji yapitavyo jiwe. Hatari kubwa ni kusita katikati au kurudi nyuma, maana dereva amekwisha kupima hatua za mtu na kuamini kwamba ataendelea.

Baada ya mwendo mfupi mgeni hufika Flora Fountain, chemchemi ya mawe iliyojengwa mwaka 1864 mahali palipokuwa na mlango mmojawapo wa boma la kale. Aliyeamuru kuta za boma zibomolewe ili mji upate kupumua alikuwa Gavana Bartle Frere. Msomaji wa Mombasa alijua jina hilo tangu utotoni. Ndilo la Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa ng'ambo ya kisiwa katika miaka ya 1870, na baadhi ya wakazi wake wa kwanza walikuwa Waafrika waliolelewa huku Bara Hindi wakarudishwa pwani yao. Watu waliwaita Wabombay.

Lakini linalostaajabisha zaidi ni ardhi yenyewe ikanyagwayo. Hapo zamani hapakuwa na rasi, bali visiwa saba vyenye minazi, na kati yake matope na maji. Mwaka 1661 Wareno walimpa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza mahali hapa alipomposa binti yao wa kifalme, kwani kwa desturi ya Ulaya ya siku zile mali ilitoka upande wa mwanamke. Mfalme hakuona faida yake. Mwaka 1668 aliipangisha Kampuni ya East India kwa pauni 10 kwa mwaka. Tangu hapo watu wamekuwa wakijaza kifusi, wakiziba mikondo na kuunganisha kisiwa na kisiwa. Mwenye shamba anayejua shida ya kutengeneza ekari moja ya kinamasi na afikiri kazi ya kutengeneza mji mzima.

Na ardhi hiyo haikutosha, wala haitoshi leo. Jambo hili haliandikwi katika vitabu vya kuwaongoza watalii, bali miguu hulitambua mara moja. Njia ya waendao kwa miguu si njia tu. Ni duka, ni karakana, na kwa wengine ni nyumba. Hapa kinyozi ametundika kioo ukutani. Pale mshona viatu amekaa juu ya sanduku lake. Mbele kidogo mtu auza chai katika glasi ndogo, nusu glasi kwa bei nafuu. Kisha mgeni hukuta sufuria zilizoinamishwa, nguo zilizoanikwa kwenye uzio, na mtoto akifanya hesabu za shule kitovuni mwa kelele zote hizo. Lazima azunguke, maana amefika sebuleni kwa watu.

Mwaka 1981 serikali ya jimbo iliamuru watu wakaao kando ya barabara waondolewe na kurudishwa walikotoka. Baadhi yao walikwenda mahakamani, pamoja na mwandishi wa magazeti aitwaye Olga Tellis. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: walilala hapo kwa sababu kazi ilikuwa hapo, na kumwondolea mtu riziki ni sawa na kumwondolea uhai. Mwaka 1985 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilikubali kwamba haki ya kuishi imo pamoja na haki ya kujipatia riziki. Hata hivyo ilisema pia kwamba hakuna mwenye haki ya kujenga juu ya njia ya umma, na kwamba waweza kuondolewa kwa kufuata taratibu, ila si kabla ya mvua za mwaka ule kwisha. Wanasheria husifu sana hukumu ile. Mtu apitaye kwa miguu anaweza kuona mwenyewe kwamba neno lenyewe halijakwisha.

Karibu na saa tano na nusu mchana yafaa kuwapo nje ya stesheni ya Churchgate. Hapo hutokea watu wenye kofia nyeupe, wamebeba vichwani mbao ndefu zilizojaa vyombo vya chakula. Hawa huitwa dabbawala. Kila asubuhi huchukua chakula kilichopikwa nyumbani, mbali huko vitongojini, wakakisafirisha kwa gari moshi na kukifikisha mezani pa karani ofisini. Alasiri hurudisha vyombo vitupu. Kazi hiyo ilianza yapata mwaka 1890. Kabla ya ugonjwa wa Korona wa mwaka 2020 ilikuwa ikihesabiwa kwamba watu kama 5,000 walibeba vyakula karibu 200,000 kila siku; ugonjwa ule ulipowafungia makarani nyumbani, wabebaji wengi walikosa kazi. Juu ya kila chombo pameandikwa alama za rangi, herufi na tarakimu, zikionyesha kilikotoka, stesheni kiendako na jumba la kupelekwa. Chombo kimoja hupita mikononi mwa watu kadhaa, na hakuna bahasha wala risiti.

Stesheni kubwa zaidi, iliyokuwa ikiitwa Victoria Terminus na sasa ina jina la Chhatrapati Shivaji, iko upande wa mashariki. Ujenzi wake ulianza mwaka 1878 ukachukua miaka kumi. Ina kuba, minara, na wanyama waliochongwa kwenye mawe, na wasafiri wengi hupita chini yake bila kuinua macho. Jirani yake ni Posta Kuu, ambako zamani waandishi wa barua walikaa nje wakiwaandikia wasiojua kusoma. Simu imewaondolea kazi karibu yote.

Kutoka hapo mpaka soko la Crawford si mbali. Soko lina jina jipya la serikali, lakini aulizaye njia na ataje la zamani, akianza na neno bhai, yaani ndugu, naye ataelekezwa. Juu ya mlango kuna sanamu za wakulima wa Kihindi wakivuna ngano, kazi ya Lockwood Kipling. Soko lilikamilika mwaka 1869. Katika Aprili na Mei maembe ya Ratnagiri hupangwa ndani ya nyasi kavu kama mayai, na bei yake humfanya mtu wa Malindi acheke. Masikio nayo hupata faraja hapa, kwa kuwa pesa, gari, laki na dobi ni maneno yaliyovuka bahari hii hii. Anayetaka kuona madobi wenyewe na apande gari moshi mpaka Mahalaxmi, asimame darajani, atazame chini walipo, safu kwa safu, wakipiga nguo juu ya mawe.

Jioni ikikaribia, watu huelekea magharibi kwenye ukuta wa bahari wa Marine Drive. Huja kwa sababu nyumba zao ni ndogo na upepo haulipiwi. Wazee hutembea kwa mwendo wa daktari, vijana hukaa wawili wawili wakitazama maji, na wauza mahindi ya kuchoma hupepea makaa. Mahali hapo pote palikuwa bahari mpaka karne iliyopita. Upande wa kaskazini magari huingia katika barabara mpya ya pwani, iliyofunguliwa sehemu yake ya kwanza mwezi wa Machi mwaka 2024, nayo imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya ardhi nyingine iliyotwaliwa majini. Giza likiingia, taa za ghuba huwaka zote, na nyuma ya majumba, katika njia za ndani, watu huanza kutandika mikeka.