Padre wa Mishale ya Manjano

Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania iko nchi ya milima iitwayo Galicia. Msafiri atokaye upande wa mashariki huiingia kwa kupanda mlima mrefu, na karibu na kilele hukuta kijiji kidogo cha mawe kiitwacho O Cebreiro. Kimo chake ni zaidi ya futi 4,200. Mtu wa Nairobi atasema kwamba hicho si kimo cha kujivunia, maana mji wake uko juu zaidi. Lakini huko ni mbali na ikweta, na wakati wa baridi theluji huanguka, ukungu hufunga njia, na upepo huvuma hata mtu asimsikie mwenzake anenapo.

Jambo la kwanza litakalomshangaza mgeni kutoka kwetu ni nyumba za zamani za kijiji hicho. Zina umbo la mviringo, kuta zake ni fupi na nene, na paa lake ni la mabua makavu ya nafaka, limeshuka karibu kugusa ardhi. Huziita palloza. Zamani watu walikaa upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, ili joto la wanyama lisaidie kuwakinga watu na baridi. Dohani hapakuwa, moshi wa jiko ulipenya polepole katika mabua, nao ulikausha nyama iliyotundikwa juu. Mkulima yeyote aliyelelewa katika nyumba ya nyasi hahitaji kuelezwa mengi hapo.

Kijiji hicho kisingejulikana ulimwenguni kama si njia ipitayo mlangoni pake. Tangu karne ya 9 Wakristo wa Ulaya wameamini kwamba kaburi la Mtume Yakobo, mwana wa Zebedayo, liko katika mji wa Santiago de Compostela. Kwa ajili hiyo mahujaji walisafiri kwa miguu kutoka nchi nyingi. Toka milima iliyo mpakani mwa Ufaransa hadi Santiago ni mwendo wa karibu maili 500, na O Cebreiro iko mwishoni, ikisalia kiasi cha maili 100. Katika karne ya 11 watawa walikuwa tayari na nyumba ya kuwapokea wasafiri hapo mlimani.

Wenyeji husimulia habari ya mkulima mmoja wa kijiji cha bondeni, yapata mwaka 1300. Siku moja ya dhoruba alipanda mlima peke yake ili asikilize misa. Padre aliyekuwa akisalisha alimdharau moyoni, akimwona mpumbavu kwa kujitaabisha hivyo kwa ajili ya mkate kidogo na divai. Papo hapo, wasema wenyeji, mkate ukageuka nyama na divai ikageuka damu. Kikombe cha habari hiyo kimehifadhiwa kanisani mpaka leo. Mtu ataamini au hataamini. Lakini fundisho lake ni wazi, kwamba asidharauliwe mtu aliyetembea mbali kwa nia njema.

Hata hivyo miaka ilipita, na njia ikafifia. Vita, magonjwa na mabadiliko ya dini katika Ulaya vilipunguza mahujaji. Katika karne ya 19 watawa waliondoka. Katika karne ya 20 vijana wa Galicia walikwenda kutafuta kazi, wengine katika miji ya Hispania, wengine Uswisi na Ujerumani, wengine ng'ambo ya bahari Argentina na Cuba. Sehemu nyingi za njia ya zamani zikaota magugu, nyingine zikafunikwa na barabara za magari. Wazee walibaki na ng'ombe wao na ukungu.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa mwaka 1959, alipofika padre kijana aliyeitwa Elías Valiña Sampedro. Alizaliwa mwaka 1929 katika shamba lililo karibu na mji wa Sarria, siku mbili tu kwa miguu kutoka hapo mlimani. Kwa hiyo hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa wakulima akitumwa kwa wakulima. Alikuta kanisa la kale lahitaji matengenezo na nyumba za mviringo zikielekea kuanguka. Alijitia kazini pamoja na wenye kumsaidia, na katika miaka iliyofuata kanisa likatengenezwa, palloza zikahifadhiwa, na nyumba ya wageni ikafunguliwa tena.

Usiku wa milimani ni mrefu, naye aliutumia kusoma. Mwaka 1965 alipata shahada ya udaktari katika mji wa Salamanca kwa kuandika juu ya historia ya njia ya Santiago na sheria zilizowalinda mahujaji zamani. Wengi wapatapo shahada ya namna hiyo huhamia mjini. Yeye alirudi kwa wazee wake wa mlimani, akaendelea kusalisha na kupokea wageni wachache waliofika wakiwa wamelowa.

Wageni hao ndio waliomfundisha jambo ambalo vitabu havikulieleza. Walikuwa wakipotea. Walikuwa na nia na nguvu, lakini walipofika kwenye njia panda hawakujua washike ipi. Padre Elías aliona kwamba haifai kuwaambia watu habari za njia iliyosifiwa zamani ikiwa hawawezi kuipata kwa miguu yao. Mwaka 1982 alitoa kitabu cha kuwaongoza mahujaji. Kisha mwaka 1984 akafanya kazi ambayo kwayo hukumbukwa zaidi: alipakia makopo ya rangi ya manjano katika gari lake dogo aina ya Citroën, akaenda mpaka milima ya mpakani, akaanza kuchora mishale juu ya mawe, miti na kuta, yote ikielekea magharibi. Wapwa wake walimsaidia. Husemwa kwamba rangi hiyo ilikuwa masazo ya kazi ya barabara.

Iko hadithi moja ambayo watembeao njia hiyo hupenda kuisimulia. Husemwa kwamba askari walimkuta huko mpakani akipaka rangi, wakamwuliza anafanya nini. Naye akawajibu kwa utulivu kwamba anatayarisha uvamizi mkubwa kutoka Ufaransa. Kama alisema hivyo kweli au wapenzi wake waliipamba habari, uvamizi wenyewe ulikuja.

Lakini mishale peke yake haingetosha. Mvua huifuta, magugu huifunika, na mtu mmoja hawezi kulinda maili 500. Kwa hiyo Padre Elías aliwaendea watu wa miji na vijiji vya njiani, akawasihi waunde vyama, kila chama kitunze kipande chake cha njia na kuwapokea wapitao. Mwaka 1985 wapenzi wa njia walipokutana Santiago walimchagua awe mwenye kuziunganisha kazi zao, naye akatoa jarida dogo la kupashana habari. Ndipo watu wa majimbo mbalimbali, ambao hapo kwanza hawakuwa na shauri moja, walipoanza kuandikiana, kutembeleana na kufyeka njia pamoja. Mwaka 1987 Baraza la Ulaya liliitangaza njia hiyo kuwa ya kwanza katika njia za urithi wa Ulaya.

Padre Elías hakuishi kuyaona matunda yote. Alifariki tarehe 11 Desemba 1989, mwenye umri wa miaka 60. Mwaka 1985 mahujaji waliopewa hati ya kufika Santiago hawakufika 1,000. Mwaka 2019 walizidi 340,000. Mwaka 1993 njia hiyo iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Si kwamba hakuna malalamiko. Wengine husema kwamba watu sasa ni wengi mno, takataka zinatupwa, na vitanda hugombewa alfajiri. Wengi hutembea maili 60 na kitu za mwisho tu, maana hizo zatosha kupata hati; nao huanzia Sarria, karibu na pale alipozaliwa padre mwenyewe. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini mwenye kukumbuka kijiji kilichokuwa kikifa hataomba kimya cha zamani kirudi. Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na katika O Cebreiro methali hiyo si maneno matupu, kwa kuwa mkate wa nyumba nyingi huletwa na miguu ya wageni.

Tena mwendo wa miguu una adabu yake. Daktari na mfua vyuma wakipanda mlima mmoja, kila mmoja na mzigo wake mgongoni, hakuna awezaye kujifanya mkubwa. Jioni wote wana malengelenge, wote wafua soksi kwenye bomba moja, na mwenye sindano humwazima asiye nayo. Watu wa lugha mbalimbali, wenye dini na wasio na dini, huketi meza moja kwa sababu njaa yao ni moja. Hilo Padre Elías alilifahamu, naye aliwatilia watu alama ili wakutane.

Nje ya kanisa la O Cebreiro imesimamishwa sanamu ya kichwa chake. Wapitao husimama kidogo, wengine huvua kofia, kisha hutazama pande zote wakitafuta mshale ufuatao. Wakiuona hushika njia. Nadhani yeye mwenyewe angependa heshima hiyo kuliko ile ya sanamu. Katika vijiji vyetu pia ziko njia ambazo wazee walizipita kwenda sokoni, kanisani, msikitini na kwa wakwe, na nyingi zinafungwa na magugu. Kuzifyeka kwahitaji panga tu na watu wachache wa kuanza, na penye nia pana njia.