Sururu ya Babu Yaleta Ubishi Kenyatta Market

Ndugu msomaji, ukifika Kenyatta Market, kitakachokuita kwanza ni moshi wa nyama choma. Kisha watakuja wasusi, wakuulize kama wasuka leo. Ni wachache wanaoendelea hadi kibanda cha shangazi yangu, fundi wa nguo, wakainua macho na kuona sururu na karai kuukuu vimening'inia juu ya cherehani.

Vyombo hivyo ni vya marehemu babu. Alivitumia Kakamega wakati wa mbio za dhahabu, zilizoanza mwaka wa 1931 baada ya mlowezi mmoja Mmarekani, L.A. Johnson, kuipata karibu na mto Yala. Walowezi walimiminika huko, wengi wakiwa wamefilisika mashambani kwa sababu bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani kote. Sheria ya mwaka wa 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi yao ikitwaliwa watapewa nyingine. Mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha. Ahadi ya miaka miwili tu, msomaji!

Karai lile usilidharau. Babu alitufundisha kulitumia mtoni tukiwa wadogo: unachota changarawe, unalitumbukiza majini, unalizungusha polepole. Maji huondoka na mchanga. Dhahabu, ambayo uzito wake ni karibu mara 19 ya maji, hubaki chini. Ukiwa na pupa unaimwaga. Dhahabu aliyoiosha babu ilikwenda kwa mwenye mgodi. Yeye alirudi nyumbani na mshahara wake mdogo, pamoja na vyombo alivyojinunulia.

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu aliwahi kutaja bei. Shangazi alimfukuza kwa rula ya kupimia nguo.

Aliyemtatiza ni binamu yangu, aliyemaliza kidato cha nne na kukosa kazi. Alikuja kuomba sururu aende Ikolomani, ambako vijana wangali wanachimba kwa mikono.

"Senje, chuma hiki kinakaa ukutani bure," alimwambia.

"Kinakaa, mwanangu, lakini hakijamfukia mtu," shangazi akajibu.

Mimi niko upande wa shangazi. Mashimo yale huporomoka, hasa wakati wa mvua, na zebaki inayotumiwa kunasia dhahabu hudhuru ubongo na figo. Hata hivyo, msomaji, ungemwambia nini kijana ambaye hana nauli ya kurudi nyumbani? Kumwonyesha hatari si kumpa kazi.

Shangazi alimvutia kiti kwenye cherehani ya pili. Huu ni mwezi wa tatu, na suruali anazokunja pindo sasa hazirudishwi na wateja. Lakini juzi aliuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: siku Senje akifunga kibanda arudi Kakamega, sururu itakuwa ya nani?

Shangazi aliendelea kutunga uzi sindanoni.