Nyuki wa Shamba la Jirani

Hombolo, 8 Machi

Alizeti imechanua. Vichwa vimetazama mashariki na nyuki wamejaa. Nimewatenga kwa macho: wale wa mizinga, wale wadogo wasiouma, ambao asali yao watu huiuza kama dawa, na mmoja mweusi mwenye manyoya, anayetembea peke yake. Huyo hana mzinga wala malkia. Jike huchimba kishimo ardhini, huweka chavua, hutaga yai, huziba na kwenda zake.

Mbegu ya msimu huu nilinunua dukani, imepakwa rangi ya waridi, na mfuko unasema imevikwa imidaklopridi. Dawa ya namna hii hupanda na maji ya mmea hadi kwenye chavua na mbochi. Mmea wenyewe hunyonya sehemu ndogo tu, kubwa hubaki kwenye udongo. Nyuki wa mzinga hukutana nayo kwenye ua. Yule mweusi hukutana nayo kwenye ua na tena chumbani kwake, yeye na mwanawe.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha matokeo ya nyuki wa maboga, ambao nao huchimba ardhini. Palipotiwa imidaklopridi, watoto wao walipungua kwa asilimia 89. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zimekwisha kuizuia mashambani tangu 2018.

15 Machi

Nimepita kwa mama mwenye zabibu, upande wa bwawani. Nyuki walikuwa wanakunywa maji kwenye matone ya mpira wa kumwagilia.

“Mama, unapuliza saa ngapi?”

“Asubuhi, Mwalimu, kabla jua halijachoma. Ubwiriunga ukiingia hapa sina mavuno.”

Ana haki. Salfa anayopuliza dhidi ya ukungu huo, ikiwa peke yake, haimsumbui sana nyuki. Tatizo ni bomba moja kubeba dawa mbili, ya ukungu na ya wadudu, ili kuokoa mgongo na muda. Zipo dawa za ukungu, hasa za kundi la triazoli, ambazo huudhoofisha mwili wa nyuki usiweze kuvunja sumu ya pairethroidi. Kila moja ikiwa peke yake pengine angepona.

Zabibu haimhitaji nyuki ili izae, na ndiyo maana mkulima wake hamfikirii. Lakini chini ya mizabibu magugu yanachanua, maji yapo, na Dodoma huvunwa zabibu mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa nane, pori likiwa limekauka kabisa, shamba la zabibu ndilo kijani pekee. Nyuki wa porini anakimbilia palepale panapopulizwa.

Na hawa wa mizinga yangu nao ni wa porini. Sikuwanunua wala kuwazalisha. Nilitundika mzinga, wakaingia. Siku pori likiwachosha watahama bila kuniaga.

22 Machi

Colorado, Marekani, utafiti uliochapishwa 2016: watafiti waliwakamata nyuki wa asili kwenye mashamba ya ngano na kwenye mbuga za nyasi, wakawapima miili. Dawa zilikuwa pande zote mbili.  Pengine nyuki wa mbugani walikuwa wameenda kwa jirani.

Ndiyo maana neno “asali ya porini” kwenye chupa linanichekesha kidogo. Nyuki wa mzinga anaruka kilomita kadhaa, basi mwilini mwake kuna wastani wa kata nzima. Mdogo asiyeuma haendi mbali, huishia mamia ya mita tu, na huyo ndiye anayesema ukweli kuhusu uwanja wako. Tena nyuki yeyote akiruka mwili wake hupata chaji ya umeme, na vumbi lote laini humnata. Utafiti wa asali ya Vancouver uliochapishwa 2019 ulikuta madini ya risasi mengi zaidi katikati ya jiji kuliko pembezoni. Huku kwetu mji wa serikali wa Mtumba unajengwa usiku na mchana, malori hayakatiki, na vumbi la barabara linatua kwenye maua ya migunga.

Asali yetu hupimwa ili iingie soko la Ulaya, na ni vizuri. Ila asali ni safi kuliko aliyeitengeneza: metali na dawa hubaki zaidi mwilini na kwenye chavua.

Kongwa, 6 Aprili

Msiba wa shemeji. Njiani nimeyatazama majani ya ranchi nikakumbuka Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliingia hapa na matrekta kung'oa vichaka, nyuki wakawashambulia wafanyakazi hadi wengine wakalazwa hospitali. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Udongo huu wa mfinyanzi ukikauka hauachii karanga.

Leo ni ng'ombe na nyasi. Ningeambiwa nitafute nyuki msafi wilaya hii ningeanzia hapa, kwenye shamba lililoshindwa, mbali na majosho. Karanga zingestawi, kila msimu zingekuwa zinapulizwa.

27 Aprili

Ndege ya kunyunyizia imepita jioni kuelekea Bahi. Kwelea kwelea wamevamia mtama na uwele. Dawa ni fenthioni, inayomwagwa kwenye miti wanakolala. Jioni nyuki wengi wamekwisha kurudi, lakini asubuhi maua ya miti ileile ndiyo meza yao. Timu ya Robert Cheke wa Chuo Kikuu cha Greenwich imechunguza maeneo yaliyonyunyiziwa hapa Tanzania, udongo na hata damu ya ndege wasiolengwa. Mwaka 2025 Mkataba wa Rotterdam uliiingiza fenthioni ya kunyunyizia kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi lazima itoe ridhaa kabla ya kuletewa. Hiyo si marufuku.

Siwezi kumwambia mtu wa Bahi aache ndege wale mtama wake. Mimi nina pensheni, yeye ana mtama.

19 Mei

Kesho Siku ya Nyuki Duniani, hotuba zitakuwepo. Keshokutwa kuna kikao cha mtaa, na huko ndiko nitakakosema. Mama wa zabibu amekubali kuniunga mkono, kwa sharti kwamba nisizungumze kama niko darasani.

Nitaomba mambo mawili. Wapulize jioni nyuki wakisharudi, wala si asubuhi. Na atakayepuliza atume ujumbe kwenye kundi la simu la mtaa siku moja kabla, tuzibe milango ya mizinga usiku na kuweka maji ndani. Kuhusu yule mweusi wa ardhini nitanyamaza. Hana mlango wa kuzibwa. Upande wa mashariki wa shamba nimemwachia ukanda usiolimwa, na msimu ujao nitapanda mbegu ya alizeti ya Rekodi isiyovikwa dawa, hata kama itatoa magunia machache.