Kosa Halikuwa la Lugha

"Kiswahili chenu ni cha mashairi na mahubiri, mambo ya atomu tuachieni sisi." Kauli hii ilinitoka kwa mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi wa fizikia, usiku mmoja tukiwa bwenini. Nilimjibu kwa ukali usio na hoja. Naye, badala ya kubishana, alinikabidhi muhtasari wa mada yake na kunitaka niuandike upya kwa lugha ninayoitetea.

Mada ilihusu jinsi joto linavyosafiri katika tando nyembamba mno. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na ndani ya kompyuta na simu za leo mna matabaka yanayopimwa kwa kipimo hicho. Jaribio langu la kwanza lilikuwa aibu tupu. Nilitohoa kila neno, nikaipachika fononi katika ngeli ya I-ZI, nikadhani nimemaliza. Nilipojisomea kwa sauti, sikuelewa hata sentensi moja.

Nikaanza upya, safari hii nikiuliza maana kabla ya istilahi. Fononi ni mitetemo ya atomu ibebayo joto ndani ya kitu kigumu. Utando unapozidi kuwa mwembamba, mitetemo hiyo hugonga nyuso zake kila mara, mfano wa wachukuzi na punda wanaosongamana katika vichochoro vya Lamu. Hapo joto hukawia kutoka, na kifaa huchemka. Hata hivyo, katika vitu kama nitridi ya silikoni, mitetemo ya atomu huweza kuungana na mawimbi ya sumakuumeme ya infraredi, akazaliwa chotara wa mwanga na mtetemo aitwaye polaritoni. Huyu hapiti kichochoroni. Huambaa usoni mwa utando kama jahazi liambaalo pwani, na huenda mbali kuliko fononi. Kadiri utando unavyokuwa mwembamba, ndivyo mchango wake unavyodhihirika.

Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walionyesha kwa hesabu kwamba jambo hilo lawezekana. Mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya majaribio: tando za nitridi ya silikoni zenye unene usiofika nanomita 50 zilipopashwa kutoka kelvini 300 hadi 800, uwezo wake wa kupitisha joto uliongezeka takriban maradufu.

Nilimpa mwenzangu ukurasa wangu. Aliusoma kimya, kisha akatia alama mahali pamoja tu. Palipostahili "nitridi ya silikoni" nilikuwa nimeandika "silikoni".

"Silikoni tupu haina tabia hiyo," akasema. "Atomu zake zote ni za aina moja, hazina chaji zinazotofautiana ambazo wimbi lingezivuta huku na huku."

Nilitahayari, lakini baada ya muda tahayuri iligeuka faraja. Mwenzangu hakuuliza fononi ni nini wala sumakuumeme ni nini. Alikuwa ameielewa sentensi yangu barabara hata akaona ilipodanganya. Lugha inayoweza kusahihishwa na mwanafizikia ni lugha inayoweza kubeba fizikia.

Ndugu wanafunzi wenzangu, aghalabu tunakilaumu Kiswahili kwa uchache wa istilahi. Usiku ule istilahi zilipatikana mapema. Kilichochelewa ni mimi kuelewa. Kosa halikuwa la lugha. Lilikuwa langu.