Rafu ya Baruti
Miaka mingi rafu ya baruti katika duka moja la bunduki mjini Boise, Idaho, ilikuwa mikononi mwangu. Idaho ndiko alikoishi Elmer Keith, mfugaji na mwandishi aliyeshindilia risasi za .44 Special kwa baruti ya 2400, akavishawishi viwanda hadi .44 Magnum ikazaliwa mwaka 1955. Kwa hiyo wateja wengi walijijazia risasi wenyewe nyumbani, na karibu kila mmoja aliuliza baruti ipi ina kasi zaidi. Mimi nilitaka kwanza tuzungumzie kosa: mkono ukiteleza, baruti hii itakuonyesha kabla hujafyatua?

Ganda la risasi ya bastola ya magnum ni refu. Bullseye, baruti inayoungua upesi, hutosha kidogo tu chini kabisa. Ukipitiwa ukaimimina mara mbili, ganda bado lina nafasi na jicho halioni kitu, na silinda inaweza kupasukia mkononi. Ile 2400 huungua polepole zaidi na hula sehemu kubwa ya ganda, hivyo ukirudia kuimimina hufurika mezani. Ndiyo maana niliwapa wanaoanza 2400. Hata hivyo niliwataka wapange maganda yote kwenye trei na kuyamulika kwa tochi, moja baada ya jingine, ndipo wakandamize vichwa vya risasi.

Boise ina Wakongo wengi. Kijana mmoja wa Uvira alikuja na chupa ya H110, akisema kishindo cha .44 yake kinamuumiza kiganja.

“Mzee, nikipunguza baruti kidogo si itapoa?”

“Hiyo haipunguzwi, mwanangu. Ukitaka risasi ya upole, tafuta baruti nyingine.”

Nikampeleka nyuma, kwenye meza ya fundi, tulikokuwa na bastola ya mtu mwingine iliyokwama. H110 ni punje za mviringo zilizopakwa dawa ya kuchelewesha moto. Ili iungue sawasawa inataka ganda lililojaa, fataki kali na shinikizo kubwa. Ukishuka chini ya kiwango cha kitabu, moto husitasita na kichwa cha risasi hubaki ndani ya mtutu. Kijana alinitazama nikitia mafuta, nikiingiza fimbo ya shaba na kugonga taratibu hadi kichwa cha risasi kikarudi nyuma, na punje zisizoungua zikamwagika mezani zimegandamana. Mwenye bastola ile aliacha kufyatua kwa wakati. Angefyatua risasi ya pili juu ya ile iliyokwama, mtutu ungevimba au kupasuka. Kijana akaondoka na 2400, ambayo huvumilia kupunguzwa. Nilimwonyesha pia chupa ya Winchester 296: ni baruti ileile ya H110 kwa lebo nyingine, na sharti lake ni hilohilo.

Kwa bunduki, hofu yangu kubwa ilikuwa majina. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon alinunua baruti ya jeshi iliyobaki, ya mizinga ya milimita 20, akaiuza kama H4831. Upole wake wa kuungua ulifaa sana maganda makubwa. Baadaye DuPont ikatoa IMR 4831, na hiyo huungua haraka zaidi. Anayemimina IMR kwa vipimo vya H4831 anapandisha shinikizo bila kujua. Chupa hizo sikuziweka rafu moja kamwe, na mezani nilikubali chupa moja tu kwa wakati.

Kabla ya Idaho nilikuwa askari wa wanyamapori Selous, Tanzania, na bega langu lilibeba .458 Winchester Magnum. Ilitoka mwaka 1956 ikiwa na ganda fupi, baruti imeshindiliwa mno. Baadhi ya risasi za zamani baruti yake iliganda na mlio ukatoka dhaifu, jambo baya kuliko yote mbele ya nyati. Jack Lott, Mmarekani, aliumizwa na nyati Msumbiji, akaamua kubuni .458 Lott, yenye ganda refu zaidi. Joto nalo lina hatari yake, na Waingereza walikuwa wamepata somo hilo mapema: shinikizo la kodaiti, baruti yao ya zamani, lilipanda juani, na .416 Rigby ya mwaka 1911 ikapewa ganda kubwa ili shinikizo libaki chini.

Basi mteja akinijia Januari, theluji nje, akijaza .375 H&H kwa ajili ya nyati wa Selous mwezi Oktoba, nilimsukumia H4350, inayotengenezwa Australia na kubadilika kidogo sana kwa joto au baridi. Vipimo vya Januari sikuvikubali peke yake. Nilimtaka arudi Agosti, Boise ikipita nyuzi 35, aache risasi zake kivulini zipate joto la mchana, kisha apime kasi tena na kukagua fataki zilizotumika kabla ya kufunga mizigo.