Farumi ya Garimoshi

Lamu hatuna reli. Tuna punda na majahazi. Kwa hiyo nilipofika stesheni ya Miritini, Mombasa, kupanda Madaraka Express kwa mara ya kwanza, sikushangazwa na mabehewa. Macho yalikwenda chini, kwenye magurudumu. Chuma laini juu ya chuma laini, bila meno, bila mpira. Kinashika nini?

Ndani niliketi na mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli ya zamani. Nikamwamkia, nikamwuliza. Akacheka.

“Mwanangu, gurudumu hugusa reli mahali padogo mno, kama sentimita moja ya mraba.”

“Na halitelezi, babu?”

“Huteleza sana! Ndiyo maana kichwa cha treni ni kizito makusudi.”

Tulipopita Mazeras, treni ikiupanda mwinuko wa bara, maneno yake yakaniingia. Kwetu jahazi tupu hutiwa farumi ya mawe, maana chombo chepesi hakiuwezi upepo. Kichwa cha treni nacho kina farumi yake: zaidi ya tani 100 zinazoyagandamiza magurudumu kwenye reli. Reli ikiwa kavu, msukumo unaweza kufika robo ya uzito huo, au zaidi kidogo. Ukipita hapo, magurudumu huzunguka bure palepale. Rasharasha ya mvua ikinyesha, hata robo haipatikani. Ndipo dereva hupuliza mchanga mkavu mbele ya magurudumu. Mchanga! Mashine yote ile, na mwokozi wake ni kitu tunachokikanyaga bure ufukweni Shela.

Tsavo abiria walikimbilia madirishani kutazama tembo wekundu. Mimi nilibaki na mzee, akinieleza injini ya dizeli ya treni yetu. Kumbe dizeli haiyazungushi magurudumu! Huzungusha jenereta, umeme ukaenda kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli. Msukumo wa mota hizo hutoka sawasawa, bila kushtuka.

Kesho yake, kwenye Makumbusho ya Reli, Nairobi, nilisimama mbele ya injini ya mvuke, Mount Gelai, namba 5918, iliyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955. Ina zaidi ya tani 250 na magurudumu 28, lakini yanayosukuma ni 16 tu. Mengine hubeba mzigo. Hapa mvuke husukuma pistoni, pistoni husukuma fito, na nguvu hupanda na kushuka katika kila mzunguko. Inapofika kileleni, gurudumu laweza kuponyoka, hata kama wastani wa nguvu ni mdogo. Dereva alilazimika kuufungua mvuke taratibu.

Kilichonistaajabisha zaidi ni matangi. Maji na mafuta vimewekwa juu ya magurudumu yanayosukuma, na injini huyatumia safarini. Kila tangi lilivyopungua, mshiko nao ulipungua. Maji yaliyofanya mvuke ndiyo pia yaliyoizuia injini isiteleze. Ikiyanywa, inajipunguzia miguu.