Kombi ya mjomba yapata injini ya Subaru

Nilipotea kidogo. Nilikuwa nyumbani Kinakomba, Tana River, wiki mbili chini ya Volkswagen Kombi ya mjomba, ya mwaka 1969, ile yenye kitanda na jiko ndani.

Injini yake ya 1600cc haikufikisha nguvu za farasi 50. Tuliweka EJ20 ya Subaru, 2000cc, nguvu zaidi ya mara mbili. Zote zina pistoni nne za kulala, mbili kila upande, kwa hiyo nafasi ilitosha. Fundi alichonga bamba la kuiunganisha na gia boksi ya zamani. Mimi nikashika waya za kompyuta yake. Ya zamani ilipozwa kwa hewa, hii hutaka maji, tukafunga rejeta. Ikawaka!

Barabara ya Hola, mbuzi wakakatiza. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Tulisimama hatua moja tu kutoka kwa mtoto aliyewachunga. Breki zilikuwa zilezile za 1969, ngoma magurudumu yote manne.

Mjomba akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mpwa wangu, umeipa kukimbia, hukuipa kusimama."

Hata kazini hufanya kosa hilo: naharakisha kipande kimoja cha programu, nasahau vinavyokitegemea. Kombi haitoki tena mpaka ipate breki za diski mbele. Nitawajuza.